Dawati Lililobaki Wazi: Hotuba kwa Wazazi, Walimu na Viongozi wa Dini Wanaozungumza Kiswahili Minnesota

Waheshimiwa wachungaji na mashehe, baba zetu na mama zetu, walimu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kuja. Jambo lililotuleta ni zito, na kwetu halisemwi hadharani, kwa hiyo tutalisema bila kupindisha maneno. Tunazungumzia watoto wa shule wanaojiua baada ya kuonewa kwa sababu wanaitwa mashoga, wawe ndivyo walivyo au wasiwe. Na zaidi tunazungumzia watu wazima: wanafanya nini asubuhi inayofuata, wiki inayofuata, mwaka unaofuata.

Tuanzie hapa hapa. Wilaya ya shule ya Anoka-Hennepin, kaskazini mwa Minneapolis, ilikuwa na wanafunzi wapatao 38,000, na mipaka yake inaingia hadi sehemu za Brooklyn Park na Brooklyn Center, mitaa ambayo wengi wenu mnaijua kuliko sisi. Katika kipindi cha miaka miwili hivi kilichoishia 2011, wanafunzi 9 wa wilaya hiyo walijiua. Baadhi yao walikuwa wakionewa kwa kuwa mashoga au kwa kudhaniwa hivyo. Maafisa wa afya wa jimbo walifikia kulihesabu eneo hilo kuwa mahali ambapo kujiua kunaambukiza, yaani kifo kimoja huvuta kingine.

Walimu wa shule zile hawakuwa watu wabaya. Ila mwaka 2009 bodi ya shule ilikuwa imepitisha kanuni kwamba mfanyakazi, anapokuwa kazini, asionyeshe upande wowote katika mambo ya mapenzi ya jinsia moja. Karatasini ilionekana kama njia ya kuwaridhisha wazazi wote. Kwenye korido ilikuwa kitu kingine kabisa. Mvulana anaitwa jina chafu mbele ya mwalimu, naye mwalimu anajiuliza: nikimkemea aliyetukana, nitakuwa nimeonyesha upande? Nikimwambia aliyetukanwa kwamba hana kosa, nitafukuzwa kazi? Wakati yeye anajiuliza, kengele inalia na watoto wanatawanyika. Aliyetukana ameelewa kwamba anaruhusiwa. Aliyetukanwa ameelewa hivyo hivyo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa kimya kile ulisikika hadi Washington.

Julai 2011 wanafunzi waliishtaki wilaya wakisaidiwa na mashirika mawili ya kutetea haki. Februari 2012 bodi iliifuta kanuni. Machi 2012 wilaya ikafikia makubaliano mbele ya mahakama: dola 270,000 kwa wanafunzi 6, na miaka 5 ya kusimamiwa na serikali ya shirikisho. Pesa ndizo zilizoandikwa magazetini. Kazi yenyewe ilikuwa katika vifungu vingine ambavyo havikuvutia kamera: wataalamu wa kukagua kanuni za wilaya, mshauri wa afya ya akili, mafunzo kwa wafanyakazi, maswali ya kila mwaka kwa wanafunzi kuhusu uonevu, na kutambua sehemu hatari ndani ya kila shule.

Hicho cha mwisho tukitazame kwa karibu, kwa sababu hata shule ya kijijini inaweza kukifanya kwa karatasi na kalamu. Unachora ramani ya shule. Unampa kila mwanafunzi nakala, bila jina, na kumwambia aweke alama pale anapoogopa kupita. Unazikusanya na kuhesabu. Mara nyingi alama hazisambai kila mahali, zinalundikana: ngazi fulani, chumba cha kubadilishia nguo za michezo, viti vya nyuma vya basi, choo kilicho mbali na ofisi. Na zinalundikana kwa saa fulani, zile dakika chache kati ya kengele na kengele. Ukishajua hivyo, humhitaji mhamasishaji wa kuja kuhutubia. Unahitaji mtu mzima mmoja asimame kwenye ngazi zile kwa dakika zile, kila siku, na awe amefundishwa cha kusema akilisikia tusi. Anachosema ni kifupi: "Hapa hatusemi hivyo kuhusu mtu yeyote." Kisha anamfuata aliyetukanwa baadaye, faraghani, na kumuuliza kama yuko salama. Asimuulize mbele ya wenzake. Na asimuulize kama ni kweli.

Tumesema wawe ndivyo walivyo au wasiwe, na hatukusema kwa kujikinga. Aprili 2009, mjini Springfield, Massachusetts, mtoto wa miaka 11 alijiua baada ya miezi ya kuitwa shoga shuleni. Hakuwahi kusema kwamba yeye ni shoga. Alikuwa mtoto wa miaka 11. Mama yake, Sirdeaner Walker, alikuwa ameiendea shule tena na tena. Baadaye alitoa ushahidi mbele ya Bunge la Marekani, na Mei 2010 jimbo lake likapata sheria dhidi ya uonevu. Jina hilo hutupiwa mvulana mwenye sauti nyembamba, asiyependa mpira, anayeaga kwa adabu, aliyefika juzi kutoka kambini na bado anamshika mkono rafiki yake wa kiume kama tulivyozoea nyumbani. Wazazi wa Kongo na Burundi mnalijua hili la kushikana mikono. Kwetu ni urafiki. Katika korido ya shule ya kati ya Marekani linaweza kumgharimu mtoto mwaka mzima wa mateso bila yeye kujua kosa lake ni lipi.

Septemba 2010 nchi hii ilipata mfululizo wa vifo vya namna hiyo katika mwezi mmoja: Indiana kijana wa miaka 15, California mtoto wa miaka 13, Texas mwingine wa miaka 13, na New Jersey mwanafunzi wa chuo kikuu wa miaka 18. Majina yao tunayaacha kwa makusudi, na namna walivyokufa hatutaisema kabisa. Sababu mtaisikia baada ya muda mfupi. Majibu ya umma yalikuwa ya kasi. Tarehe 21 mwezi huo mwandishi Dan Savage na mwenzake Terry Miller waliweka mtandaoni video ya kuwaambia vijana kwamba maisha huja kuwa mazuri. Maelfu ya watu wakafuata kwa video zao, na Rais Obama naye akarekodi yake mwezi Oktoba. Tarehe 20 Oktoba watu walivaa zambarau kuonyesha kwamba wako pamoja na vijana hao.

Sisi hatuzidharau video hizo. Kwa kijana ambaye hajawahi kumwona mtu kama yeye akifika umri wa miaka 40, kumwona tu ni dawa. Lakini mtoto wa miaka 13 anayeambiwa "mambo yatakuwa mazuri" anahesabu: bado miaka 5 ya kupanda basi lile lile. Kumwambia asubiri si sawa na kumwondolea anachosubiri kiishe.

Jibu jingine la umma lilikuwa kutafuta wa kufungwa. Kule New Jersey, mwenzake wa chumba wa yule mwanafunzi, aliyekuwa amemchungulia kwa siri kwa kamera, alitiwa hatiani 2012 na kupewa kifungo cha siku 30. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu, na kesi ikaisha kwa kukiri shtaka moja. Miaka sita ya kamera na mawakili. Katika muda huo huo, jimbo lile lile lilitunga sheria, Januari 2011, ambayo haikuhitaji kumfunga mtu ili ifanye kazi. Iliagiza kila shule iwe na mtaalamu wa uonevu mwenye jina linalojulikana. Mfanyakazi aliyeona jambo aliripoti kwa mdomo siku hiyo hiyo na kwa maandishi ndani ya siku 2 za shule. Uchunguzi uanze ndani ya siku 1 na umalizike ndani ya siku 10. Nani, lini, kwa maandishi. Ukitaka kujua kama jibu la umma ni la kweli, tafuta vitu hivyo vitatu ndani yake.

Mfano wa zamani zaidi unatoka Norway. Mwishoni mwa 1982 wavulana watatu wa kaskazini mwa nchi ile, wa kati ya miaka 10 na 14, walijiua, na kuonewa na wenzao kulionekana kuwa sababu kubwa. Mwaka 1983 Wizara ya Elimu ilianzisha kampeni katika shule za nchi nzima. Profesa Dan Olweus alifuatilia wanafunzi wapatao 2,500 katika shule 42 za mji wa Bergen, na uonevu ulipungua kwa takriban nusu au zaidi. Wavulana wale hawakuonewa kwa sababu hii tunayoizungumzia leo, lakini hatua alizojaribu Olweus ndizo mama wa nyingi tulizo nazo.

Sasa kuhusu zile siku za kwanza, ambapo sisi kama jamii tunakosea zaidi, tena kwa nia njema.

Mtoto amekufa usiku wa Jumapili. Kufikia saa kumi na mbili asubuhi picha yake iko katika makundi ya WhatsApp kutoka Minneapolis hadi Mombasa. Kuna bango la harambee ya mazishi. Kuna ujumbe wa sauti wa mtu anayeeleza alivyofanya, kwa undani. Kuna mtu amesambaza barua aliyoiacha. Na kuna kile kichwa cha habari cha magazeti yetu: "Ajinyonga kisa kuitwa shoga." Lisomeni tena neno kwa neno. Neno la kwanza limetaja njia. Neno "kisa" limetoa sababu moja, rahisi, kana kwamba ni hesabu ya kujumlisha. Mtoto mwingine anayeitwa shoga kila siku analisoma hilo kitandani mwake na kujiona ameonyeshwa mlango.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa mwongozo kwa waandishi wa habari tangu mwaka 2000, na mapya ya 2023 yanasema kilicho kile kile: usitaje njia wala mahali, usiisambaze barua, usiweke kwenye kichwa cha habari, usirahisishe sababu, weka namba ya msaada. Simu yako ni gazeti pia. Na mengi hapa ni ya lugha tu. Tuseme "alijiua" au "alijitoa uhai", tuache njia. Tusiseme "alijaribu akashindwa" wala "safari hii alifanikiwa", maana kubaki hai si kushindwa. Tuseme kwamba alikuwa akionewa, ni kweli na lazima isemwe, lakini tusiseme kwamba kuonewa ndiko kulimuua peke yake. Watoto wengi sana wanaonewa na wako hai. Wanahitaji kujisikia kwamba hao ndio wengi.

Mnaweza kuandika hivi, na mkitaka mnakili neno kwa neno: "Ndugu zetu, tumempoteza kijana wetu. Familia yake imeruhusu tuseme kwamba alijiua. Namna ilivyotokea hatutaizungumzia. Mambo yanayomfikisha mtu hapo huwa mengi na hakuna anayeyajua yote. Kama nawe unaumia, au unamhofia mtu, piga simu ya msaada 988 sasa hivi, usiku au mchana. Leo kuanzia saa kumi jioni kuna watu wazima kanisani wa kuzungumza na yeyote." Msisahau kuweka familia mbele: bila ruhusa yao, neno "alijiua" haliandikwi.

Shule nayo ina mpangilio wake. Mwalimu mkuu anathibitisha kwanza na familia au na ofisi ya mchunguzi wa vifo, asitegemee uvumi. Walimu wanaitwa kabla ya wanafunzi kufika. Habari inasomwa darasa kwa darasa, na mwalimu wanayemjua, kwa maneno yale yale kila darasa. Haitangazwi kwa kipaza sauti wala katika kusanyiko la shule nzima, kwa sababu katika watu 800 huwezi kuona ni nani aliyebadilika uso. Shule haifungwi. Orodha inaandikwa ya wanafunzi wa kufuatwa siku hiyo hiyo, na ndani yake wapo wale ambao watu husahau: aliyegombana naye Ijumaa, aliyewahi kujaribu kujiua mwaka jana, aliyekuwa akionewa pamoja naye, na waliokuwa wakimwonea. Ndiyo, hao pia. Mtoto wa miaka 14 anayenyooshewa kidole na shule nzima kwamba ameua yuko hatarini yeye mwenyewe, na mji uliozika mtoto mmoja hauhitaji wa pili. Adhabu yake ishughulikiwe kwa utaratibu, ila asiachwe peke yake.

Halafu kuna dawati. Shule nyingi hukosea hapa kwa njia mbili zinazopingana. Nyingine huliondoa usiku ule ule, na watoto wanaingia wanakuta pengo limezibwa kana kwamba mwenzao hakuwahi kuwepo. Nyingine huliacha mwaka mzima na maua juu yake, likawa kama madhabahu, na kila mtoto mpweke analitazama na kufikiri kwamba hivi ndivyo mtu anavyokumbukwa. Mwongozo wa shule za Marekani unashauri kumbukumbu za namna hiyo zikae hadi mazishi yapite, au kama siku 5. Kwa dawati, mwalimu anawaambia wanafunzi mapema: "Ijumaa tutalihamisha dawati lake, mnaotaka mtanisaidia." Wanalihamisha pamoja, viti vinapangwa upya darasa zima ili pasibaki nafasi inayokodolewa macho. Vitu vya kwenye kabati lake la shule wanapewa wazazi, faraghani, visipite mbele ya watu. Hayo yote yafanywe vile vile kama mtoto angekufa kwa ajali au kwa saratani. Ukimtendea tofauti, ama umemwaibisha au umemtukuza.

Wachungaji na mashehe, hapo mazishini ninyi ndio mnaosikilizwa. Kuna mahubiri ya aina mbili yanayodhuru. La kwanza mnalijua, la kusema amekwenda motoni. Vijana walioketi pale na siri zao hawatamwendea kamwe mtu aliyesema hivyo. La pili ni la upole, nalo linadhuru: "Sasa amepumzika, mateso yake yameisha." Kwa mtoto anayeteseka hiyo ni ahadi. Kati ya hayo mawili kuna nafasi kubwa ya kusema ukweli: kwamba tulimpenda, kwamba alikuwa katika maumivu yaliyomficha msaada uliokuwepo, kwamba tulikuwa tukimhitaji abaki. Hakuna dini iliyopo katika chumba hiki inayomzuia kiongozi wake kusema hivyo.

Kabla ya kufika nyumbani, tuseme kuhusu shule zisizofiwa, ambako bado kuna muda. Sheria ya zamani ya Minnesota kuhusu uonevu ilikuwa na maneno 37 tu kwa Kiingereza. Aprili 2014 Gavana Mark Dayton alitia saini sheria mpya. Inataja wazi kuonewa kwa ajili ya mapenzi ya jinsia moja pamoja na rangi, dini na asili ya mtu, kwa hiyo ni sheria ya watoto wenu wote. Shule ni lazima ianze uchunguzi ndani ya siku 3 za shule tangu kupata taarifa. Ni lazima kuwe na mfanyakazi aliyeteuliwa kupokea taarifa hizo. Kulipiza kisasi kwa aliyeripoti ni marufuku.

Siku 3 hizo zinaanza kuhesabiwa taarifa inapofika, na taarifa ya mdomo hupotea. Andikeni barua pepe. Isiwe "mwanangu ananyanyaswa", maana hiyo haichunguziki. Iwe hivi: Jumanne, saa tano na dakika kumi asubuhi, ngazi za ghorofa ya pili, wanafunzi wawili wa darasa la 8, neno walilolitumia lilivyo hata kama linakera, begi lilitupwa chini, mwalimu fulani alikuwa amesimama mlangoni, hakusema kitu. Malizia kwa kuuliza: nani anachunguza, na nitajibiwa lini? Tunza nakala.

Shule ikikuita kikao, una haki ya mkalimani, na shule ndiyo inayomtafuta na kumlipa. Msikubali mtoto awe mkalimani wenu. Katika mambo mengine ni kero tu. Katika hili ni hatari. Fikirini mtoto amekaa kati ya mwalimu mkuu na baba yake, anatakiwa ageuze kwa Kiswahili lile tusi aliloitwa. Atatafsiri "walinisukuma". Kikao kitaisha kwa kumalizana kuhusu kusukumana, na kila mtu atarudi nyumbani akidhani ameelewa.

Hapo ndipo penye fundo la jambo zima. Mtoto anayeonewa kwa rangi yake anaweza kurudi nyumbani akalia, kwa sababu nyumbani wote wana rangi hiyo. Anayeitwa shoga anaogopa kwamba akisema aliitwa nini, nyumbani wataanza kujiuliza. Kwa hiyo anaficha uonevu ili kuficha tusi. Shule pia inaweza kumfichua bila kukusudia kwa simu moja: "Mzazi, mwanao anasumbuliwa kwa sababu yeye ni..." Walimu mlio hapa, elezeni kitendo. "Wanamwita majina, wamemsukuma, tunachukua hatua hizi." Mtoto mwenyewe ni nani ni jambo lake kulisema, kwa wakati wake, kwa amtakaye.

Na tafadhali, tusiwapatanishe. Ni desturi yetu nzuri, kuwaweka wawili chini, wasemezane, wapeane mikono. Ni nzuri kwa waliogombana. Uonevu si ugomvi. Mmoja ana nguvu na mwingine hana, na ukiwafungia chumba kimoja utakuwa umemlazimisha mdogo kusamehe mbele ya mkubwa anayemtazama. Finland wana mpango uitwao KiVa, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Turku. Huko watu wazima wa timu ya shule wanazungumza kwanza na aliyeonewa peke yake. Kisha wanawaita waliomwonea mmoja mmoja, mfululizo, wasipate nafasi ya kupanga la kusema, na kila mmoja anatoka ameeleza atabadilisha nini. Wanafunzi 2 hadi 4 wenye hadhi darasani wanaombwa wakae karibu na aliyeonewa. Baada ya wiki moja au mbili wanarudi kukagua. Kinachofanya kazi sana ni wale watazamaji: uonevu hulishwa na kicheko chao, na ukosapo kicheko hunyauka.

Nyumbani sasa. Mwaka 2009 Dk. Caitlin Ryan wa San Francisco alichapisha utafiti wa vijana 224 wenye mapenzi ya jinsia moja au ya jinsia zote mbili. Waliokataliwa sana na familia zao walipokuwa wadogo walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kuwa wamejaribu kujiua, ukilinganisha na wenzao ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo. Kukataa kulikopimwa hakukuwa kumfukuza nyumbani tu. Kulikuwa pia kumdhihaki, kumtenga na rafiki zake, kunyamaza walipomcheka, kumwambia anaiaibisha familia. Kwetu ongezeni kumpeleka kutolewa mapepo, na lile tishio la "nitakurudisha nyumbani". Hatuwaombi mbadili imani zenu leo. Hata watafiti hao hufanya kazi na familia za kidini bila kuwataka hivyo. Tunawaomba mwache vitendo vile, kimoja kimoja, kuanzia usiku wa leo. Mtoto akikuambia kwamba ndivyo alivyo, sentensi ya kwanza iwe: "Asante kwa kuniambia. Wewe ni mwanangu, na hilo halibadiliki." Mengine yote, hata machozi yako, yanaweza kusubiri hadi kesho.

Ukimhofia, muulize waziwazi: "Umekuwa ukifikiria kujiua?" Swali hilo halipandi wazo. Tafiti zimelikagua mara nyingi. Mara nyingi mtoto hupumua, kwa sababu hatimaye kuna mtu mwingine anayejua. Akijibu ndiyo, usimhubirie. Kaa naye. Dawa zote za nyumbani zifungiwe kwa ufunguo, na kama kuna bunduki itoke nyumbani, au ifungiwe bila risasi, na risasi zifungiwe mahali pengine. Nguvu ya wimbi la namna hiyo huwa kubwa kwa muda mfupi, na kile kilicho mbali na mkono katika muda huo huokoa.

Kisha mnaandika pamoja mpango wa usalama, ukurasa mmoja, kwa maneno yake yeye: dalili zinazomwambia kwamba wimbi linakuja; anachoweza kufanya peke yake; mahali na watu wa kumtoa mawazoni; mtu anayeweza kumwambia ukweli; wataalamu na namba zao; na namna nyumba ilivyofanywa salama. Ukurasa huo ukae pia kwenye simu yake, kama picha ya karatasi yenyewe.

Namba 988 hujibiwa saa zote, na unaweza kuomba mkalimani. Ukishapiga 988 kulikuwa na kitufe cha 3 cha kubonyeza kwa vijana wenye mapenzi ya jinsia moja na wenzao, na tangu 2022 kilipokea simu na ujumbe karibu milioni 1.3. Serikali ilikifunga tarehe 17 Julai 2025. Ilikuwa hasara ya kweli. Namba yenyewe 988 bado ipo, na Trevor Project, shirika lililoanzishwa 1998 kwa ajili ya vijana hawa, wana simu yao 1-866-488-7386. Wenye watoto au wapwa Kenya, Tanzania au Uganda, simu ya watoto ni 116.

Najua pia baadhi yenu hampigi simu kwa kuogopa polisi. Hofu hiyo imetoka nyumbani, ambako kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya kilimtishia aliyejaribu kujiua kwa kifungo cha hadi miaka 2. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hapa Minnesota si kosa la jinai. Mtoto wako hatashtakiwa kwa kuwa ameumia.

Karatasi za mpango wa usalama, kwa Kiswahili na Kiingereza, ziko mezani pale karibu na mlango, pamoja na mfano wa barua ya kuiandikia shule. Tumezirundika juu ya meza moja na vipeperushi vya bima ya afya na vya shule ya Jumamosi, ili anayechukua moja asionekane amechukua nini.